Kiti cha Mbele cha Pijo

Kuku ndio waliokuwa wenye gari kabla yangu. Walitagia kwenye kiti, wakaatamia chini ya usukani, na jogoo mmoja mwenye kiburi alikuwa akilala juu ya dashibodi, na ukimfukuza anakuangalia kwanza ndipo anashuka. Ilikuwa pikapu ya Pijo ya zamani, ile yenye taa za duara na gia pembeni ya usukani. Wazee wa huku Tarime wanaizungumzia kama mtu anavyomzungumzia fahali wake aliyekufa. Watakuambia ilivyokuwa ikishinda mashindano ya magari kule Kenya, ilivyopita kwenye tope ambalo trekta lilikwama, na kila mmoja wao atakuambia aliwahi kuipanda, hata kama hakuipanda.

Ile niliyoichukua mimi ilikuwa ya baba mkwe wangu, pale Genkuru. Aliinunua akiwa kijana mwenye nguvu, akabebea mahindi, akabebea wagonjwa, akabebea maharusi. Injini ilipokufa aliisukumia chini ya kibanda cha mabati akisema ataitengeneza mavuno yakiisha. Mavuno yaliisha, yakaja mengine, na yeye mwenyewe akaondoka duniani gari likiwa palepale.

Baada ya kumaliza matanga, shemeji zangu waligawana ng'ombe, wakarudi mijini kwenye kazi zao. Gari hakulitaka mtu. Wanunuzi wa vyuma chakavu walikuja na misumeno wakaanza kulizunguka, na mama mkwe akatoka na mwiko mkononi akawafukuza. Kisha akatuma neno kwamba niitwe.

Hapa inabidi nieleze kidogo, kwa msomaji asiyetufahamu. Kwetu Wakurya mwanamume na mama wa mke wake wana soni. Hawakai chumba kimoja, hawali pamoja, hawapeani mikono, na wakikutana njiani mmoja anaingia pembeni kwenye majani mpaka mwenzake apite. Huo si ugomvi, ni heshima, na ni heshima nzito kuliko ya shikamoo. Vijana wa siku hizi wanaipunguza kidogo kidogo. Mchungaji wetu aliwahi kuhubiri kwamba hayo ni mambo ya kale yaliyopitwa na wakati, na wiki hiyohiyo mama mkwe wake alipokuja kumtembelea, mchungaji alitokea mlango wa jikoni akaenda kukagua shamba mpaka mgeni alipoondoka. Mimi sikumlaumu. Ningefanya vilevile, tena ningekimbia.

Basi nilipofika Genkuru, mama mkwe alisimama upande mmoja wa ghala la mtama, mimi nikasimama upande wa pili, na mke wangu akakaa katikati kupeleka maneno. Ghala lenyewe ni la fito. Kila neno la mama nilikuwa nalisikia vizuri kabisa, naye alikuwa ananisikia, lakini tulisubiri mke wangu alirudie.

"Mwambie mama shikamoo," nikasema.

"Mwambie marahaba," mama akasema.

Mke wangu akageuka huku na huku akatuambia tulichokwisha sikia. Halafu mama akaingia kwenye jambo lenyewe. Akasema nilichukue gari, liwe langu, kwa kuwa mimi ni fundi na wanawe hawana habari nalo. Anataka jambo moja tu. Likishatembea, apelekwe nalo kwao alikozaliwa, ng'ambo ya Mto Mara, upande wa Serengeti, na akae mbele.

"Maisha yangu yote nimelipanda hilo gari nyuma," alisema. "Nimekaa na magunia, nimekaa na mbuzi, nimekaa na wanangu mgongoni mvua ikinyesha. Mbele walikaa wanaume. Baba yenu hakuwa mtu mbaya, ndivyo ilivyokuwa. Sasa nataka kuiona hiyo njia kutoka mbele."

Kisha akaongeza jambo ambalo hata mke wangu alikuwa halijui. Alikuwa ameenda kupimwa macho. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha zima, na la kulia lilikuwa linapungua. Ni presha ya macho, daktari alimwambia, na dawa zinachelewesha tu. Kilichopotea hakirudi. Alisema kwa sauti ileile aliyotumia kusema habari za magunia, na mke wangu hakuweza kurudia maneno hayo kwangu. Hakukuwa na haja. Nilijibu kwa sauti kubwa kwamba nimekubali, nikasahau hata kusema "mwambie".

Mimi nimefanya kazi ya ufundi kwenye kambi za watalii upande wa Robanda kwa muda mrefu wa maisha yangu. Magari ya kule ni ya kazi. Springi inavunjika, unabadilisha, gari linarudi mbugani, kesho linarudi na springi nyingine iliyovunjika. Hakuna anayekuuliza unapenda nini. Nilipoacha kazi nikarudi kwetu Nyanungu kulima na kufuga, mikono ilibaki inaniwasha. Mke wangu hulalamika kwamba nafungua hata redio ambayo haijaharibika. Kwa hiyo nilipopewa ile Pijo nilifurahi kama mtoto, sitaki kudanganya. Tayari nilikuwa najiona nimeshika usukani, kiwiko dirishani, naingia kijiji cha wakwe na watu wanatoka majumbani kuangalia.

Kuitoa Genkuru hadi Nyanungu tuliivuta kwa maksai. Kumkodi mtu wa gari la kuvuta kungewezekana, lakini nilitaka iende taratibu, maana sikujua chini kumeoza kiasi gani. Nilitangulia mimi kuwaongoza maksai, kwa sababu wale wangu hawamsikilizi mtu mwingine, na mke wangu akakaa kwenye usukani kuielekeza. Malori ya kuelekea mgodini yalikuwa yanatupita na madereva wanapunguza mwendo ili watucheke vizuri. Mzee mmoja wa pikipiki alisimama kabisa.

"Mura, hilo gari lako linakunywa nini, majani?"

"Linakunywa maswali ya wajinga," nikamjibu, "na hapa limeshiba."

Tulikuwa tumekaribia nyumbani mke wangu alipotoa kichwa dirishani.

"Baba watoto, hivi siku ya kumpeleka mama, nani ataendesha?"

Nikafungua mdomo niseme ni mimi, nikaufunga. Kiti cha Pijo ni kimoja kirefu, dereva na abiria wamekaa bega kwa bega. Mimi na mama mkwe wangu, bega kwa bega, kutoka Genkuru mpaka ng'ambo ya Mara! Maksai walisimama wenyewe, nadhani walisikia nilivyonyamaza. Nikasema tutaona mbele ya safari, nikawapiga tukaendelea.

Basi nikaanza kazi, uani, chini ya turubai. Nilishusha kila kitu. Kwenye mlango wa kushoto nilikuta nyigu, nao walinishusha mimi kwanza. Sakafu ilikuwa imeoza mpaka unaona ardhi. Injini ya zamani ilikuwa imeshikana chuma kwa chuma, na panya alikuwa amezalia ndani ya kabureta kwa raha zake. Niliitoa, nikapachika ya haisi niliyoipata Sirari, ambayo ina nguvu mara mbili ya ile ya kwanza. Watu wa kupenda vitu vya asili watanuna. Wanune tu. Mimi nataka gari lipande mlima, sitaki la kuwekwa kwenye kioo.

Fundi wa kuchomelea nilimtoa hukohuko Sirari, mtu wa mpakani, Kiswahili chake nusu cha Kenya. Aliizunguka Pijo, akaigonga bodi kwa kucha.

"Buda, hii kitu umeitoa wapi? Hii ni chuma ya ukweli. Siku hizi wanatuuzia makaratasi."

Tulikata mabati yaliyooza, tukachomelea mapya, tukapiga puti na msasa mpaka vidole vikakosa alama. Chini ya kutu, nyuma ya kibao cha mlango, nilikuta kipande cha rangi yake ya kwanza, buluu ya maji, haijawahi kuona jua. Nikaenda nacho mpaka Tarime mjini wakanichanganyia ileile. Siku nilipopulizia rangi, majirani walikuja na viti vyao. Nilifurahi siku hiyo. Nilikuwa na furaha ya tumboni, ile ambayo hata ukipewa ugali unasema utakula baadaye.

Lakini kilichonipa kiburi zaidi ni gia. Giaboksi ya haisi gia yake inatoka chini, katikati ya sakafu. Fundi yeyote angeiacha hapo. Mimi nilisema hapana, Pijo bila gia ya usukani si Pijo. Nikatengeneza vyuma vya kuunganisha, fimbo, bushi na viungio, nikaleta gia juu palepale ilipokuwa. Nilivikosea mara nyingi sana kabla havijakubali. Viliposhika nilimwita hadi mpita njia aje aone ninavyobadilisha gia kwa vidole viwili. Ukweli, haikuwa vidole viwili. Ilitaka bega, na ilitaka ujue pa kuinyanyua kidogo kabla ya kuisukuma. Lakini ilikuwa kazi yangu.

Na swali la mke wangu lilikuwa bado limekaa palepale. Kumtafuta dereva mwingine hakukusaidia. Marika wangu, wale tuliotahiriwa pamoja, wana soni naye kama mimi, maana mama mkwe wangu ni mama mkwe wao. Shemeji mmoja alikuja likizo, akajaribu gia yangu, akaizima Pijo mara tatu getini, akasema hilo ni gari la makumbusho, akapanda basi. Nikaona hapa panahitaji akili ya fundi. Nikaenda kwa mshona nguo, nikamwambia anishonee pazia.

Msinicheke bado, subirini. Lilikuwa pazia zuri, kitenge kizito, lina pete za chuma. Nikachomelea fimbo juu ya paa kwa ndani, katikati ya dereva na abiria, nikalining'iniza mpaka sakafuni. Upande wa kulia mimi, upande wa kushoto mama, hatuonani. Nilijiona nimeitatua dunia. Nikaiendesha mpaka Genkuru, na njiani ndipo nikagundua kwamba sioni kioo cha pembeni cha kushoto, siioni kona ya kushoto, sioni chochote cha kushoto. Nilipita na uzio wa mtu mmoja. Niliendelea tu.

Mama mkwe alitoka na mke wangu, aliyekuwa ametangulia, mimi nikiwa nimeshasogea nyuma ya ghala. Alilizunguka gari akiligusa kwa viganja. Aligusa taa, akagusa bodi, akasema rangi hii anaikumbuka. Moyo wangu ulijaa. Kisha akafungua mlango, mkono wake ukakuta pazia. Akalishika, akalivuta huku na huku, zile pete zikalia.

"Hii nini?"

Mke wangu akamweleza. Halafu nikamsikia mama akicheka, na hakucheka kwa kuficha, alicheka mpaka akaegemea gari. Majirani wakaja kuuliza, wakaelezwa, wakacheka na wao. Nilitamani lile ghala liniangukie.

"Mwambie mume wako," mama alisema akijifuta machozi, "soni haishonwi na cherehani. Niko naye kwenye sanduku moja, nasikia anavyopumua, halafu niseme hatupo pamoja? Mwambie nashukuru kwa gari. Ni zuri sana. Lakini hivyo sipandi."

Nilirudi Nyanungu nimenuna. Nilinuna kweli, kununa kwa kula bila kusema. Nililing'oa lile pazia, nikalitupia kwenye banda la mbuzi. Baadaye mke wangu akaniletea chai, akakaa kwenye kigoda mbele yangu.

"Nifundishe mimi," akasema.

Nikacheka, na kicheko kikaniishia mdomoni, kwa sababu yeye hakucheka. Akasema jicho la mama halisubiri. Juzi alimmiminia mgeni chai nje ya kikombe. Akasema gari ninalo, barabara ipo, mama yupo, kinachokosekana ni mtu wa kukaa kwenye kile kiti, na mtu huyo anajulikana. Nilitaka kusema gari hilo ni gumu, gia yake inataka bega. Nilitaka kusema nimelitengeneza mimi. Nilichosema ni kwamba tuanze kesho.

Wahenga walisema mengi kuhusu ndoa lakini walisahau kusema usimfundishe mkeo gari. Tulitumia shamba lililokwisha vunwa. Mimi najijua, subira yangu ni fupi kama mkia wa mbuzi. Nilikuwa namwambia kanyaga klachi, anakanyaga breki. Namwambia nyanyua gia kidogo halafu sukuma, ananyanyua halafu anavuta. Pijo inaruka kama chura na inazima. Niliongeza sauti. Niliongeza tena. Siku moja niliongeza sauti mpaka wachunga ng'ombe upande wa pili wa bonde wakasimama. Mke wangu akazima gari, akachomoa ufunguo, akashuka, akaenda nyumbani na ufunguo wake. Akaniacha nimekaa kwenye mabua ya mahindi na gari la buluu.

Kwa hasira tu nikahamia upande wa dereva, nikakaa pale alipokuwa amekaa yeye, na sijui kwa nini nikasogea mpaka ukingoni mwa kiti, jinsi alivyokuwa anakaa. Mke wangu ni mfupi. Ukikaa ukingoni hivyo, mguu unafika kwenye klachi kwa ncha ya vidole, na ukinyoosha mguu bega linarudi nyuma, na bega likirudi nyuma ile gia yangu tukufu haifikiki. Si kwamba alikuwa amesahau kunyanyua. Hakuwa na cha kunyanyulia.

Niliona aibu, na nilichukia pia, kwa sababu nilijua kinachofuata. Kiti nilikisogeza mbele na kukiinua, hiyo ilikuwa rahisi. Kwenye pedali nilifunga vipande vya mbao vya kuzinenepesha, hiyo nayo rahisi. Lakini ile gia ilinibidi niitoe. Fimbo zangu, bushi zangu, viungio vyangu vyote nilivifungua kimoja kimoja, nikatoboa sakafu niliyoichomelea mpya, nikaiacha gia itoke chini kama haisi yoyote inayopakia dagaa. Iliniuma. Mke wangu alikuja akaniona, akanishikia tochi. Asubuhi yake aliizungusha Pijo shamba zima bila kuzima, akapiga honi mbele ya wale wachunga ng'ombe, na mimi nikajikuta napiga makofi.

Alichukua lena, kile kibali cha kujifunzia, akaenda darasani Tarime mjini pamoja na vijana wa bodaboda, akarudi na leseni. Kwa wakati huo mama alikuwa anatembea na mkono mbele, akipapasa.

Siku yenyewe ilikuwa ya anga safi, baada ya mvua, vumbi limelala. Tulipakia magunia ya ulezi, sukari, na beberu mmoja wa wajomba. Swali likabaki la mimi. Nilikuwa tayari kubaki, nilikuwa nimeshajisemesha kwamba sina neno. Mama akatuma neno kupitia kwa binti yake kwamba gari likizimika njiani nani atalifungua? Nyuma pana nafasi, nyuma si chumba kimoja na mbele. Basi nikapanda nyuma ya gari langu, nikakaa juu ya gunia, na kwa heshima nikakigeuzia kibanda cha mbele mgongo, maana dirisha la nyuma lilikuwa halina kioo. Kila nilipokitafuta kioo chake nilikikosa.

Tulipotoka tu Genkuru nikajua jambo. Springi za mbele nilikuwa nimebadilisha zote, na vizuia mtikisiko, na kiti nimekijaza sponji mpya. Springi za nyuma sikuzigusa. Nani alijali za nyuma? Nyuma ni pa mizigo. Kila tuta lilinirusha, na nikishuka nakuta gunia limehama. Beberu alinikanyaga. Nilitaka kugonga bodi kwamba apunguze mwendo, nikakumbuka wanawake wangapi waligonga bodi hiyohiyo.

Na sikuona tunakokwenda. Niliona tulikotoka tu. Mti unatokea ukiwa umeshapita. Mtu anakusalimia ukiwa umeshampita, unamjibu anakuwa mdogo. Kona inakutupa kabla hujajua kuna kona. Nimepita barabara hiyo maisha yangu yote na sikuwahi kuiona hivyo. Nilifikiria mwanamke mwenye mtoto mgongoni, mwaka baada ya mwaka, anaipita njia ya kwao kwa kinyumenyume.

Kupitia lile dirisha nilimsikia. Alikuwa hasemi sana. Alikuwa anamuuliza binti yake, pale ni nini panang'aa, ni bati au maji? Anajibiwa ni bati. Yule ni ng'ombe au jiwe? Ni ng'ombe, mama. Wakati mwingine alisema mwenyewe kabla hajaambiwa, na alikuwa sahihi, na sauti yake ilipanda. Mke wangu aliendesha vizuri. Nilisikiliza kila gia aliyoingiza na sikupata la kusema.

Tulipoanza kuteremkia Mto Mara alipunguza mwendo sana, karibu tusimame. Mimi mbele yangu kulikuwa na kilima tulichotoka tu, na barabara nyekundu inapanda.

"Kumbe," nikamsikia mama akisema polepole, "mto unauona kabla hujaufikia."

Mke wangu akabadilisha gia. Nilijua analia, nilisikia kwenye klachi. Sikugeuka. Nilishika ubao wa bodi, nikaangalia kilima, na mimi macho yakaniuma nikasingizia vumbi, wakati nimeshasema vumbi lilikuwa limelala.

Tulivuka, tukafika kwao. Walitoka kweli majumbani kama nilivyokuwa nimeota, vigelegele, watoto wanaligusa gari na kuangalia vidole vyao kama vimechafuka buluu. Hakuna aliyeniangalia mimi. Walimwangalia dereva, na walimwangalia bibi aliyekaa wima kwenye kiti cha mbele, mkono mmoja juu ya dashibodi. Nilishuka haraka, nikashusha beberu, nikashusha gunia la kwanza, nikasogea nyuma ya nyumba ili mama ateremke kwa nafasi. Mgongo ulikuwa unanilia. Nilijinyoosha, nikajikung'uta, nikasubiri.

Nilisubiri mpaka nikachungulia. Mlango wa kushoto ulikuwa bado umefungwa. Mke wangu akanijia, macho mekundu, anatabasamu.

"Hataki kushuka," akasema. "Anasema bado hajashiba. Anataka tuendelee mbele, mpaka pale barabara inapopandia, ndipo turudi. Anasema umwie radhi, lakini magunia yaliyobaki yabaki humohumo garini, na wewe ushike vizuri."

Nilimwangalia. Nikaiangalia barabara, ilikuwa inapanda kuelekea mbugani, ina mawe.

"Mwambie sawa," nikasema.

Nikarudi, nikakanyaga tairi, nikapanda nyuma.